Watu Mia Mbili na Saba

Makao ya Jenerali,
Jengo la posta ya zamani,
Jumanne, alasiri.

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na watoto, pamoja na mama mkwe wako, ambaye natumaini goti lake sasa linamruhusu kwenda kisimani bila kulitukana. Mimi ni mzima. Kikohozi nilichokwambia kimeniacha, nakula vizuri, na viatu vyangu havivuji tena. Barua zako tatu zimenifikia siku moja, maana huku barua huja kama wageni wa msiba, hawaji mmoja mmoja.

Kabla sijaanza nakuomba jambo. Tangu miwani yako ivunjike, najua binti yako mkubwa ndiye anayekusomea barua zangu, na sauti yake ni ya mnadani, mpaka majirani wanajua nimekula nini. Hii usimpe. Isome mwenyewe, hata ikibidi uisogeze dirishani na ikuchukue siku nzima. Ndiyo sababu nimeandika kwa herufi kubwa hivi.

Katika barua zote tatu umeniuliza mambo mawili: kama daraja litaanguka mikononi mwa adui ili uhame na watoto mapema, na kwa nini shemeji haandiki. La kwanza nalijibu papa hapa. Daraja ni letu bado, watu wa nyongeza wamefika, na huna haja ya kukimbia. Fungua mizigo. Ile cherehani ya shemeji uliyoifunga kwa blanketi ukaiweka mlangoni, irudishe mahali pake. La pili nitalijibu pia, sikwepi. Lakini limefungamana na habari za Jenerali, na nisipoanza na yeye hutanielewa.

Wewe umemsikia redioni tu, na redioni ana sauti ya mtu mrefu. Ni mfupi, dada. Akikaa nyuma ya kaunta ya vifurushi, ambayo ndiyo meza yake, unaona kofia na miwani basi. Miwani yenyewe ameifunga kisogoni kwa kamba ya kiatu, ndiyo maana askari wanamwita Mzee Miwani. Walidhani hajui, mpaka siku mpishi mmoja alipoteleza ulimi akamwita hivyo mbele ya wote, naye akaitika.

Jengo letu bado ni posta kwa sura. Ramani tunazitunza kwenye visanduku vya barua, kila kombania na kisanduku chake, na mizani ya vifurushi tunapimia chumvi. Kila asubuhi baada ya chai Jenerali hukaa kwenye dirisha la stempu kwa muda wa saa moja, na yeyote mwenye shida hupanga foleni, awe ofisa, awe mchota maji. Siku moja alikuja askari akalalamika kwamba amepewa viatu viwili vyote vya mguu wa kushoto. Watu wakacheka. Jenerali hakucheka, alivua vyake akampa avijaribu, vikamkaa sawasawa. Kwa wiki moja na nusu kamanda wetu alitembea kwa kandambili, na alimpokea mjumbe wa Serikali akiwa nazo, akampigia saluti kama kawaida. Mjumbe alishindwa pa kuweka macho.

Basi mtu huyo ndiye aliyekuwa akiiandikia Serikali kila Jumatatu kuomba watu. Mimi niliandika, yeye alisema, akitembea hatua tatu na kugeuka, maana chumba kinaruhusu hatua tatu. Barua ya kwanza nilitia maneno makali ya kwangu mwenyewe, nikaandika kwamba tunaangamia. Akaniambia nifute. Alisema huko kila mtu anawaandikia kwamba anaangamia, mpaka neno limechakaa. Mimi niandike tuna nini na hatuna nini, nisiongeze chumvi wala nisipunguze. Tangu hapo barua zetu zikawa fupi. Tumeshuka chini ya mia tisa, naomba watu mia nne, daraja likienda na miji iliyo nyuma yake imekwenda. Katika miji hiyo, dada, ndimo ulimo wewe.

Hiyo mia tisa si namba ya kuokota. Kanuni ya wizara ni kwamba askari hawatoshi nchi nzima, kwa hiyo sehemu iliyoshuka chini ya watu mia tisa ndiyo inayoongezewa, na iliyo juu ya hapo ijikaze. Jenerali alijua ameshuka kwa sababu alikuwa akihesabu kwa macho, akipita kwenye mahandaki watu wakinywa chai. Lakini majibu yalikuja yaleyale: barua imepokelewa, idadi uliyonayo inatosha. Alikuwa akisoma mara mbili, halafu ananiuliza mimi, kama vile mimi ndiye Serikali, "Inatosha kwa nani?" Kisha anakunja karatasi na kuvaa kofia aende darajani. Barua kumi na moja alituma kwa namna hiyo, na sikumsikia hata siku moja akiitukana Serikali mbele ya watu. Maofisa wengine walitukana kwa niaba yake.

Sasa nakwambia kile ambacho Jenerali hakukijua.

Kuna karatasi mbili zinazotoka ofisini kwangu. Moja ni barua yake. Nyingine ni orodha ya majina inayokwenda bohari kuu kila wiki ili tuletewe chakula, na nakala yake wizarani, na hiyo naiandika mimi na kuitia sahihi mimi, kwa niaba yake. Miezi saba iliyopita bohari walianza kutupunja. Ukiandika watu elfu, kinakuja chakula cha watu mia saba. Sajini wa stoo akanijia, akasema si vizuri watu wapigane na njaa na adui kwa pamoja. Akasema wale waliofariki wiki ile tusiwafute kwanza, tuwaache mpaka mwisho wa mwezi, mgao wao uzibe pengo. Alisema marehemu hawatakasirika, walikuwa watu wema.

Nilikubali. Nakwambia kweli, siku ile niliona nimefanya jambo la akili. Watu walishiba, na niliwaona wakicheka. Mwezi ukaisha, bohari hawakubadilika, na sikuwafuta. Mwezi wa pili hivyohivyo. Wakifa watu, mimi nanakili orodha ya wiki iliyopita, jina kwa jina, kwa mwandiko uleule mzuri ulionifundisha wewe kwa kunishika mkono. Na kwa kuwa barua ya tanzia huandikwa wizarani pale tu karani anapolifuta jina, hakuna nyumba hata moja iliyopata habari. Jenerali alidhani wote wameshaandikiwa. Aliniuliza mara moja, nikamjibu ndiyo, afande.

Ilipokuja ile ya idadi uliyonayo inatosha kwa mara ya tatu, nilielewa. Si kwamba Serikali ilikuwa na roho mbaya. Ilikuwa inasoma orodha yangu. Nilikaa na siri hiyo kifuani wiki nane, nikijiambia ngoja mwezi uishe, ngoja Jumatatu ipite, huku namwandikia mzee barua ninazojua kwamba nimezifunga miguu mwenyewe. Kumwambia niliogopa. Kuogopa kufungwa kulikuwepo, sitakudanganya, lakini nilichoogopa zaidi ni kumwona ananitazama.

Baada ya barua ya kumi na moja Jenerali alisema karatasi zimeshindwa kazi, sasa aende mwenyewe, na mimi nibebe mafaili. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya siku mbili kwa lori, tena nilikaa katikati, baina ya dereva na mtu niliyemdanganya. Njia nzima alikuwa akinisimulia atakavyowapanga hao watu mia nne, wangapi kwenye nguzo za daraja, wangapi kwenye kile kilima chenye mnara wa maji. Alifurahi kama mtu anayepanga nyumba mpya. Mara tatu nilifungua mdomo. Mara zote tatu nikauliza habari za hali ya hewa.

Wizarani tulikaa kwenye benchi la ukumbini siku mbili na nusu. Alikuja na viatu vilivyong'arishwa na lile koti lake lenye kiraka begani. Katibu wa waziri, mama mmoja aliyekuwa na funguo nyingi kiunoni, alimwambia kila baada ya muda kwamba mheshimiwa yuko kikaoni, naye kila mara alisimama kumshukuru. Ofisa mmoja kijana alimwambia kwa dharau kwamba makamanda wote wanalia, na kama ni kulia kuna foleni. Jenerali akamjibu kwa upole kwamba hiyo foleni ndiyo aliyokuja kuipanga, akamwuliza mwisho wake uko wapi. Siku ya pili mama wa funguo akaacha kumwambia kuhusu kikao. Akamletea kiti chenye mto kutoka ofisini kwake. Jenerali akampa kiti hicho mzee mmoja aliyekuja kuulizia pensheni, akabaki na benchi lake.

Siku ya tatu mchana tuliitwa. Waziri hakuwa mtu mbaya, dada, alikuwa mtu aliyekosa usingizi. Ukutani alikuwa na ramani iliyotobolewa pini mpaka inavuja mwanga. Alimsikiliza Jenerali mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akafungua faili, akatoa orodha yangu ya wiki ile, akaigeuzia upande wetu.

"Jenerali," alisema, "barua zako zinalia, lakini orodha zako zinacheka. Hapa una watu elfu moja na mia moja. Niamini ipi?"

Jenerali aliivuta karatasi, akaisogeza karibu na miwani. Aliisoma polepole, kidole kikishuka jina kwa jina. Nikakiona kidole kimesimama. Kikashuka tena, kikasimama tena. Alikuwa anakutana na watu aliowazika. Mwandiko wangu anaujua kuliko uso wangu. Aligeuka akanitazama mara moja tu, na ule mtazamo niliouogopa wiki nane haukuwa na hasira. Ulikuwa wa mtu aliyeumia, na ningependa zaidi anipige.

Nikasimama ili niseme. Akasema, "Karani, kaa chini." Halafu akamgeukia waziri. "Kosa ni langu, mheshimiwa. Karatasi ikitoka kwangu, nimeisema mimi. Nipe nafasi niisahihishe hapa hapa."

Waziri akamwuliza ataisahihishaje. Jenerali akanipa ile orodha na kalamu nyekundu, akaniamuru nisimame nisome kwa sauti jina la kila asiyekuwepo, na nikilisoma nilifute. Nilisoma, dada. Watu mia mbili na saba. Mwanzoni waziri alikuwa akitazama saa. Nilipofika kama jina la thelathini aliweka mikono juu ya meza. Yule mama wa funguo aliingia na chai, akasimama mlangoni na sinia yake, hakutoka tena. Jenerali alikuwa amesimama wima kando yangu, na kila nilipotaja jina alisema neno moja au mawili juu ya mtu huyo: huyu aliimba, huyu alikuwa na mapacha, huyu aliogopa nyuki tu, hakuna kingine alichokiogopa. Hakumkosa hata mmoja. Mimi niliyewaandika kila wiki nilijua majina yao. Yeye aliwajua wenyewe.

Nilipofika jina la mia moja themanini na sita, nilirudia kusoma lililotangulia. Nikalirudia tena. Waziri akadhani nimechoka, akasema nipewe maji. Jenerali akaitazama karatasi, akaona. Akalisoma yeye badala yangu, akagusa kile kiraka begani, akasema, "Huyu alikuwa fundi cherehani. Aliniambia koti langu ni aibu kwa jeshi zima, akalishona. Ni shemeji yake karani wangu."

Dada, mumeo hayupo. Alifariki miezi mitano iliyopita, siku ya Alhamisi asubuhi, pale mwisho wa daraja, kwenye kibanda walimokuwa wakishonea magunia ya mchanga. Kombora lilipiga kibanda. Hakuteseka, waliokuwa jirani yake wameniapia, na mimi nilimwona saa ile ile, uso wake ulikuwa mzima. Tulimzika nyuma ya shule, upande wa mtoni. Jenerali alikuja, akavua miwani. Udongo nilifukia kwa mikono yangu.

Na kesho yake nikanakili orodha na jina lake likiwemo.

Nisikufiche lolote tena. Ulipoandika mara ya kwanza, kabla ya hizi tatu, kuuliza mbona kimya, nilikujibu kwamba hajambo, yuko mbele, posta ni shida. Niliandika hivyo nikijua alipolala. Nilijua nikikwambia ungeandika wizarani, na wizara ingekujibu mumeo yu hai, jina lake hili hapa, na mambo yetu yote yangefumuka. Kwa hiyo nilichagua orodha, nikakuacha wewe uendelee kumwekea sahani. Mgao wake waliula walio hai, na siku nyingine mmoja wao nilikuwa mimi. Nimemkosea yeye, nimekukosea wewe uliyenilea tangu mama afariki, na nimewakosea wapwa zangu waliokuwa wakimwombea safari njema baba ambaye safari yake ilikwisha.

Waziri alihesabu mwenyewe yaliyobaki. Mia nane tisini na tatu. Akachomoa pini mbili mahali pengine kwenye ramani akazichomeka kwetu. Tukapewa watu mia nne. Na papo hapo akaandika kwamba Jenerali, kwa kutoa taarifa ya uongo, atakabidhi uongozi wake daraja likishatulia. Jenerali akaisoma hati hiyo mara mbili kama kawaida yake, akatia sahihi. Alichoomba ni jambo moja, kwamba wizara izuie barua zake za tanzia kwa wiki tatu. Alisema zile ni karatasi zilizochapwa, zina nafasi tupu ya kujaza jina, na watu wale wamekaa kwenye karatasi ya uongo vya kutosha.

Njiani kurudi hakunisemesha mpaka tulipouona mnara wa maji. Hapo akaniambia kwamba nililisha watu, hilo amelisikia, na nilifanya hivyo kwa kuwanyima wafu haki ya kuliliwa. Akasema jela haitafundisha yeyote. Tutaandika barua kwa mkono, yeye na mimi, kwa kila nyumba. Tukagawana, yeye mia moja na nne, mimi mia moja na tatu. Wiki tatu hizi nimemwona akiandika nyuma ya kaunta ya vifurushi, miwani ikiteremka puani, huku watu wa nyongeza wakipita nje kwenda darajani. Adui alijaribu mara mbili, akarudi alikotoka. Jumamosi iliyopita alikuja kamanda mpya, mtu mrefu, mwenye sauti ndogo. Kesho Jenerali anapanda lori. Askari wamepanga kujipanga barabarani bila amri ya mtu, na yeye anajifanya hajui.

Jina la shemeji lilikuwa kwenye fungu lake. Nikamwomba anipe. Alikataa, kisha akanipa, akaniambia nisizunguke sana. Unaona nimeshindwa. Barua mia mbili na sita zimeshatoka kupitia dirisha hili la stempu, na hii uliyoishika ndiyo ya mwisho. Ndani ya bahasha utakuta kastabini yake, ile ya shaba aliyokuwa akivaa kidoleni akishona. Ilikuwa mfukoni mwangu miezi yote hii. Ina tundu moja upande, usidhani nimeiharibu mimi, yeye mwenyewe alikuwa akikataa kununua nyingine.

Ofisi nimeshaikabidhi. Kuanzia kesho kutwa nami niko darajani na bunduki, na orodha inaandikwa na mwingine. Nimemwonyesha jinsi ya kufuta.

Msalimie mama mkwe, mshike mkono kabla hujamwambia, alimzaa huyu mmoja tu. Wapwa zangu wakumbatie. Wakiniuliza usinitetee. Nikipata ruhusa nitakuja moja kwa moja kwako, nitabisha hodi. Usipofungua sitasema kitu, nitakaa hapo kizingitini mpaka utakapokuwa tayari.

Ni mimi mdogo wako uliyemfundisha kuandika,

Karani.

Nyuma ya karatasi hii Jenerali ameomba nafasi ya mstari mmoja. Mwandiko wake ni mbaya, nakunakilia hapa usipate taabu: "Mama, koti ninalo, sijalibadilisha, na kiraka hakijaachia."